Mzani Ulipoishia: Mpira wa Kisangani, Urani ya Katanga na Elimu ya Nyutroni

Mwaka 1942 vita viliitoza Kongo ya Wabelgiji mizigo miwili kwa pamoja. Japani ilikuwa imeteka Malaya na visiwa vya jirani, mahali palipokuwa na mashamba yaliyoilisha dunia mpira, na serikali ya koloni ikawarudisha wanavijiji porini, katika misitu ya bonde la mto Kongo, wakate mitambaa ya mpira kama babu zao walivyoshurutishwa enzi za Mfalme Leopold. Kazi za lazima zikaruhusiwa kufika siku 120 kwa mwaka. Mwaka huohuo Jeshi la Marekani lilianza kuufufua mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, uliokuwa umefungwa, ili kuchimba urani zaidi. Urani iliyotangulia, zipatazo tani 1,200, Edgar Sengier wa kampuni ya Union Minière alikuwa ameshaisafirisha tangu 1940 na kuihifadhi Staten Island, New York. Mpira na urani viliondoka katika nchi moja, wakati mmoja, kwa ajili ya vita vilevile, na hakuna aliyedhani kwamba kimoja kinaweza kutumika kukifahamu kingine. Iligeuka kuwa kinaweza. Miaka 30 baadaye, kule Ulaya, nyutroni zinazozaliwa urani inapopasuka zilianza kuelekezwa kwenye polima, jamii ambayo mpira umo, ili kuona jinsi molekuli zake zilivyojipanga. Njia hiyo ni mtawanyiko wa nyutroni kwa pembe ndogo. Historia ya Kisangani na misitu ya Tshopo inayouzunguka mji huo ina swali la kujibu hapa: kwa nini elimu hiyo ilikomaa mbali na nchi iliyotoa vyote viwili? Jibu la haraka ni umaskini wa vifaa. Ninashikilia kwamba jibu hilo halilingani na ushahidi, na kwamba sababu kubwa ni namna kazi ilivyogawanywa: huku kupima uzito, kule kuchunguza maada.

Tuanze na njia yenyewe, maana bila kuielewa hoja haisimami. Nyutroni iligunduliwa na James Chadwick mwaka 1932. Haina chaji ya umeme, kwa hiyo hupenya ndani ya kitu bila kusukumwa na mawingu ya elektroni, na inapokutana na kiini cha atomu hubadili mwelekeo. Nyutroni zikipunguzwa kasi mpaka urefu wa wimbi lake ukaribie nusu nanomita au zaidi kidogo, kisha zikapitishwa kwenye kipande chembamba cha mpira, nyingi hunyooka moja kwa moja, na chache hukengeuka kwa pembe ya digrii moja, mbili, au chini ya hapo. Chache hizo ndizo zenye habari. Mwanga wa taa katika ukungu wa asubuhi juu ya mto huunda duara la weupe, na upana wa duara hilo hutegemea ukubwa wa matone. Vivyo hivyo, kadiri pembe inavyokuwa ndogo ndivyo umbo lililoitawanya nyutroni linavyokuwa kubwa. Kwa hiyo kigunduzi huwekwa mita nyingi nyuma ya sampuli, ndani ya tangi lisilo na hewa, ili pembe hizo ndogo zipate nafasi ya kuachana. Vinavyoonekana ni vitu vya kuanzia nanomita moja hadi mamia ya nanomita: vikubwa kuliko atomu, vidogo mno kwa darubini ya kawaida. Nyutroni ina nguvu nyingine ambayo eksirei haina. Haidrojeni ya kawaida na ndugu yake mzito, deuteri, huitawanya kwa namna zinazopingana hata katika alama ya hesabu. Mtafiti akibadilisha haidrojeni ya molekuli chache kwa deuteri, molekuli hizo hujitokeza katikati ya nyingine ambazo kikemia hazitofautiani nazo.

Kwa kutumia nguvu hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, maabara za Ujerumani na Ufaransa zilijibu swali ambalo mkemia Paul Flory alikuwa amelijibu kwenye karatasi tu tangu miaka ya 1940: mnyororo mmoja wa polima ukiwa umesongwa na mamilioni ya minyororo mingine hujikunja vipi? Flory alisema hujikunja kwa bahati nasibu, kana kwamba wenzake hawapo. Wengi walilitilia shaka. Nyutroni zikathibitisha kwamba alikuwa sahihi, na chombo cha D11 kilichoanza kazi mwaka 1972 katika taasisi ya Laue-Langevin mjini Grenoble kikawa mfano ulioigwa kote. Jambo hili linauhusu mpira moja kwa moja, kwa sababu nadharia nzima ya kwa nini mpira huvutika na kurudi imesimama juu ya minyororo hiyo iliyojikunja: ukiuvuta unainyoosha, ukiuachia inarudi kwenye mvurugano wake.

Sasa turudi Kisangani, kwenye maporomoko ya Boyoma. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1877, kituo kikajengwa 1883, na 1887 Leopold akamtambua mfanyabiashara Tippu Tip kuwa wali wa eneo hilo. Biashara ya Wangwana, wafanyabiashara Waswahili kutoka Maniema na pwani, ilikuwa pembe za ndovu, zilizopimwa kwa frasila. Baada ya vita vya 1892 hadi 1894, watu wa Leopold walipowang'oa watawala hao, mpira ulichukua nafasi ya pembe, na mzani ukabaki palepale. Mwaka 1890 Kongo ilisafirisha tani 100 hivi za mpira. Mwaka 1901 zilifika kama 6,000. Kando ya mto Lomami, magharibi ya Kisangani, Compagnie du Lomami ilipewa eneo lake mwaka 1898. Ukatili wa miaka ile unajulikana, na hakuna haja ya kuupunguza wala kuusimulia upya wote hapa. Ninachotaka kionekane ni kwamba ukatili huo ulikuwa na kipimo, nacho kilikuwa kilo. Mwanamume alipeleka kikapu chake kituoni, kikapimwa, na pengo kati ya kilo zilizodaiwa na zilizoletwa ndilo lililoamua kiboko, kufungwa kwa mkewe, au mabaya zaidi. Wakala wa kampuni naye alilipwa nyongeza kulingana na uzito aliokusanya. Katika mfumo huo hakuna aliyelipwa kwa kujua mpira ni nini.

Na bado kulikuwa na watu waliojua. Utomvu wa mitambaa ya Landolphia, ambayo pwani wanaijua kama mbungo, haugandi kwa namna moja. Wakusanyaji wa Kongo waliugandisha kwa moto, kwa maji ya mmea wa Costus, au kwa kuupaka mwilini ukaukie kifuani na mikononi, kisha kuubandua, maumivu ambayo hayaandikwi katika daftari la forodha. Kila njia huacha ndani ya mpira kiasi tofauti cha maji, protini na ulimbo. Aliyefanya kazi hiyo alitambua kwa vidole na pua ni bonge lipi litaoza njiani na lipi litadumu. Hiyo ilikuwa elimu ya maada, iliyopatikana kwa mateso na bila kuulizwa. Mnunuzi wa Antwerp alipata matokeo yake tu, akayapanga kwa madaraja na kukata bei kwa kile alichokiita uchafu.

Uchafu huo unastahili kutazamwa kwa makini. Mwaka 2007 watafiti wa Japani walichapisha kazi iliyolinganisha vitu vitatu kwa nyutroni za pembe ndogo: mpira wa asili, mpira wa asili ulioondolewa protini, na mpira wa kiwandani wenye muundo uleule wa kikemia. Mpira wa kiwandani ulionekana sawasawa kila mahali. Wa asili haukuwa hivyo. Ndani yake mlikuwa na vifungu vya protini vya ukubwa wa nanomita 20 au zaidi, vinavyoshikilia minyororo na kuuongezea mpira ukaidi mapema unapoanza kuvutwa. Walipoziondoa protini, vifungu vilitoweka. Wakati huohuo waligundua kwamba sifa nyingine kubwa za mpira wa asili, uimara wake kabla ya kupikwa na salfa na tabia yake ya kujipanga kifuwele unapovutwa, hazitokani sana na protini. Walielekeza kwenye mafuta ya fosfolipidi na unyoofu wa molekuli zenyewe. Mwaka 2009 watafiti wa Japani wakatumia njia hiyohiyo kuonyesha kwamba hata kuupika mpira kwa salfa, ufundi wa tangu karne ya 19, huacha ndani yake mtandao wenye sehemu zilizofungamana sana na zilizofungamana kidogo. Kazi hizo zilifanywa kwa mpira wa Hevea, si wa mitambaa ya Tshopo, na si halali kuyahamisha matokeo hivihivi. Lakini zinatosha kuonyesha kosa la mzani: mpira wenye uzito uleule na kemia ileile unaweza kuwa kitu kingine kabisa, na tofauti imo katika vile ambavyo soko liliviita taka.

Pingamizi la kwanza, na zito, ni Yangambi. Kilomita 100 hivi kutoka Kisangani, ukishuka mto, Wabelgiji walijenga kituo kikuu cha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa mwaka 1933. Kilikuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya aina yake katika nchi za joto. Hapo mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walieleza jinsi unene wa kifuu cha mchikichi unavyorithiwa, ugunduzi ambao mashamba ya michikichi duniani yanautegemea mpaka leo. Je, mtu anaweza kusema kwamba koloni iliishia kwenye mzani wakati sayansi ya kiwango hicho ilifanyika Tshopo? Naikubali heshima ya Yangambi bila kusita. Hata hivyo tazama swali lake. Kifuu chembamba maana yake ni mafuta mengi kwa kila kichane. Kahawa, mchikichi, mpira: kituo kililenga mti utoao zaidi, na hata usindikaji uliandaa bidhaa kwa ajili ya meli. Swali la kwa nini mpira huvutika lilikuwa la viwanda na vyuo vya Ulaya. Mgawanyo huu haukuwa wa Wabelgiji peke yao. Malaya ya Waingereza ilikuwa na taasisi yake ya utafiti wa mpira tangu miaka ya 1920, iliyohangaikia miti, lakini fizikia ya mpira, kazi za akina Treloar na Rivlin, ilikuzwa Uingereza, katika chama cha utafiti cha wazalishaji wa mpira kilichoundwa 1938. Makoloni mawili, mataifa mawili yanayotawala, mpaka uleule kati ya shamba na maabara. Jambo likijirudia hivyo, ni vigumu kuliita ajali ya nchi moja.

Kongo ilipata nafasi adimu ya kuuvuka mpaka huo. Mwezi Juni 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru, kinu cha nyuklia cha TRICO I kiliwashwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Léopoldville (Kinshasa ya leo), kikiwa cha kwanza barani Afrika. Mkuu wa chuo, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa mwanafizikia aliyeelewa thamani yake, na hadhi ya Kongo kama mtoaji wa urani ilimpa nguvu ya kukiomba. Kilikuwa kidogo, kilowati 50. Mwaka 1972 kikafuatwa na TRICO II cha megawati moja. Angalia mwaka: ndio ule D11 ilipoanza Grenoble. Nchi yenye urani, mpira na misitu ya Tshopo sasa ilikuwa na chanzo chake cha nyutroni. Kilitumika kuzalisha isotopu, kuchambua sampuli na kufundisha. Kutazama muundo wa maada kwa mtawanyiko hakukuwa nguzo ya kazi yake, na kufikia 2004 kinu kilikuwa kimezimwa.

Hapa mtaalamu atadakia kwamba megawati moja haitoshi. Kinu cha Grenoble kina megawati 58, na nyutroni zake hupoozwa na deuteri ya kimiminika ili mawimbi yawe marefu. Kulinganisha ni kuwaonea wa Kinshasa. Pingamizi lina nusu ya ukweli. Kwa kinu kidogo, kipimo cha dakika chache huchukua saa nyingi, na sampuli zinazotawanya kwa udhaifu hazisomeki. Nusu ya pili inaanguka mbele ya mifano miwili. Mjini Vienna, mwaka 1974, Helmut Rauch, Wolfgang Treimer na Ulrich Bonse waligawanya wimbi la nyutroni kwa fuwele ya silikoni na kuliunganisha tena, moja ya majaribio makubwa ya fizikia ya karne ile, kwenye kinu cha aina ya TRIGA cha kilowati 250. Hiyo ni robo ya TRICO II, na cha ukoo uleule. Mfano wa pili unagusa zaidi. Malaysia iliwasha TRIGA yake ya megawati moja huko Bangi mwaka 1982, miaka kumi baada ya Kinshasa, ikajenga juu yake chombo cha mtawanyiko wa pembe ndogo. Nchi ya mpira, kinu cha nguvu ileile, na chombo kikawapo. Kati ya Bangi na Kinshasa megawati zilikuwa sawa. Tofauti ilikuwa kwamba Malaysia ilikuwa imezivuta taasisi za mpira zilizoachwa na ukoloni ziwe mikononi mwake, pamoja na zile za Uingereza, ikazifadhili kwa miongo bila kukatika.

Upande wa Kongo kilichokatika kinaonekana kwenye ramani. Kisangani ilipata chuo chake mwaka 1963, kilichoanzishwa na Waprotestanti. Mwaka 1971 vyuo vyote viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Zaïre, na vitivo vikasambazwa: elimu ya kilimo ikahamishiwa Yangambi, fizikia na kinu vikabaki Kinshasa. Aliyesoma mti na aliyesoma atomu wakatenganishwa na safari ya mto ya kilomita 1,600 hivi. Najua kuna watakaosema umbali huo wenyewe ndio jibu. Sikubali. Sampuli ya kipimo hiki ni kisahani chenye unene wa milimita moja au mbili na upana wa sarafu. Inaingia katika bahasha. Tena duniani kote wanaotumia nyutroni ni wasafiri: hupeleka maombi ya maandishi, hupewa siku chache za mashine, hurudi kwao na takwimu. Umbali ungekuwa kizuizi kama mzigo ungekuwa mzito. Kilichokosekana ni mtu wa Yangambi mwenye sababu ya kumwandikia mtu wa Kinshasa, na ofisi ambayo ingempa mshahara miezi yote ya kusubiri jibu.

Pingamizi lililobaki ni la usalama na la haki, na hili ndilo linaloniuma. Fimbo mbili za fueli ziliibwa kutoka kinu cha Kinshasa. Moja ilipatikana Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu, ya pili haijaonekana. Kisangani yenyewe, Juni 2000, iligeuzwa uwanja wa vita vya siku sita kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda, na watu wake walikufa majumbani mwao. Nani ana moyo wa kudai nyutroni kwa mji wa namna hiyo? Najibu kwamba sidai kinu. Kuizima TRICO II pasipokuwa na ulinzi na fedha za uhakika kulikuwa busara, na madai yangu yanahusu elimu, ambayo haihitaji kinu mlangoni. Kuhusu haki, wale wale walioteseka kwa kilo ndio wenye dai la kwanza la kujua kilichokuwa ndani ya kilo hizo. Kusema kwamba mji uliojeruhiwa usubiri mpaka upone ndipo ufikirie maada ni kuurudishia mgawanyo wa zamani kwa sauti ya huruma.

Wala jambo hili halijafungwa pamoja na mpira. Mti unaojulikana zaidi katika misitu inayozunguka Kisangani leo ni afrormosia, Pericopsis elata, ambao biashara yake ya kimataifa imewekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES tangu 1992. Nao huuzwa kwa mita za ujazo, kipimo kingine cha nje. Ndani ya ukuta wa seli ya mti wowote mna nyuzi za selulosi nyembamba mno. Mwaka 2011 watafiti waliochunguza mti wa spruce, miongoni mwa njia zao ikiwa nyutroni za pembe ndogo, walikadiria upana wake kuwa nanomita tatu hivi, minyororo kama 24 kwa uzi. Maji yakiingia kati ya nyuzi hizo mbao huvimba, yakitoka husinyaa, na maji mazito yenye deuteri humruhusu mtafiti kuona ni wapi hasa yanafika. Kwa mti ambao sifa yake sokoni ni kutooza na kutopinda, hilo ni swali la pesa na la uhifadhi kwa pamoja: mbao ikieleweka vizuri, hata mti usio maarufu unaweza kupata soko na kuupunguzia afrormosia shoka. Yangambi sasa ina maabara ya kuchunguza mbao, iliyojengwa kwa ushirikiano na jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, ambalo huhifadhi maelfu kwa maelfu ya vipande vya miti, vingi vikitoka Kongo. Mikono ya kukata visahani vya milimita moja ipo, vijana wa Kisangani wanaosoma misitu wapo, na maombi ya muda wa mashine Ulaya, Asia au Afrika Kusini hupimwa kwa ubora wa swali lililoulizwa. Kinachohitajika kutoka Kinshasa na kutoka kwa washirika wa kigeni ni sharti moja linaloweza kuandikwa katika mkataba wowote wa utafiti: kipande cha mti wa Tshopo kikipelekwa mbele ya nyutroni, aliyekikata msituni na kukitayarisha Yangambi asafiri nacho, akae mbele ya kigunduzi, na achambue takwimu mwenyewe.